Kadi Ambayo Kwamboka Hakuisoma

Vijana wa ofisini mliniomba niwaachie maelezo ya jinsi tulivyokuwa tukisanifu mifumo mlipokuwa bado mnatambaa. Nilikaa na karatasi siku tatu nikichora visanduku na mishale, kama nilivyozoea kuwachorea ubaoni. Kila mshale ulinipeleka mahali pamoja: chumba kidogo chenye paa la mabati katika hospitali ya misheni upande wa Nyamira, ambako ukungu wa asubuhi uliingia dirishani ukakaa juu ya mafaili kama mgonjwa anayesubiri zamu. Basi nimeiacha michoro. Nitaandika nilichokiona.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha taipureta kwa mafuta ya taa. Nilikuwa nikitembea kutoka Kiogoro hadi mjini Kisii, kwenye duka la vifaa vya ofisi la Bwana Mansukh, Mhindi aliyezaliwa mtaa ule ule na aliyesema Ekegusii vizuri kuliko Kiswahili. Siku ya kwanza alinipa brashi, bisibisi na mashine moja ambayo herufi yake ya e ilikuwa haipandi. Hakunieleza kitu. Alikaa upande wa pili wa meza akinywa chai kwenye kisahani. Nilifungua kila kilichofunguka, nikasafisha, nikafunga, nikabaki na skrubu tatu mkononi. Bwana Mansukh alizichukua, akazitia mfukoni, akapiga herufi ya e. Ikapanda. Mpaka leo sijui zile skrubu zilikuwa za nini.

Kompyuta ya kwanza ilipofika dukani, ilikaa kwenye sanduku lake muda mrefu kwa sababu hakuna aliyejua kuieleza kwa mnunuzi. Siku moja Bwana Mansukh aliniwekea kitabu chake cha maelekezo mbele yangu, kinene kama matofali mawili. "Ukiijua, tutaiuza," akasema. "Usipoijua, tutaitandikia kitambaa tuweke redio juu yake." Nilikisoma ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa kushoto na daftari kulia. Sikuwa na mwalimu mwingine. Nilijifunza kwa kukosea, na kila kosa nililiandika kwa tarehe na sababu. Madaftari hayo ninayo bado; ukiyafungua yananuka mafuta ya taa.

Programu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya ghala la mbolea na mbegu kule Kenyenya. Pale nilijifunza kanuni moja niliyoipenda kama mtu anavyopenda kisu chake: siku ikishafungwa, haifunguliwi. Karani akimaliza kuandika kilichoingia na kilichotoka, anabonyeza kitufe, siku inafungwa, na hakuna mkono utakaorudi kubadilisha idadi ya magunia. Ghala likatulia. Watu wakaacha kugombana. Nikadhani nimegundua sheria ya ulimwengu.

Kisha, katikati ya miaka ya tisini, mpwa wa Bwana Mansukh aliyekuwa Nairobi alitutumia kurasa kama ishirini za nakala, zimebanwa kwa pini, zikieleza kitu nilichokuja kukiita ruwaza. Ruwaza, kwa maneno yangu, ni umbo la suluhisho ambalo watu wengi wamelifikia, kila mmoja peke yake mahali pake, mpaka mwingine akaja akalipa jina. Nilizisoma alfajiri, kabla ya kushika njia, wakati migomba ya nyuma ya nyumba ilikuwa bado vivuli. Katika ukurasa wa sita nilikutana na jambo nililokuwa nimelifanya Kenyenya bila kujua kwamba lina jina. Ni hisia ya ajabu. Ni kama kuota unapita katika nyumba ya mtu usiyemjua, ukafungua mlango, ukakuta kiti chako.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kuanzia hapo niliona ruwaza kila mahali: katika matuta ya majani chai, katika jinsi akina mama wa soko la Nyakoe walivyopanga ndizi, katika foleni ya posta. Bwana Mansukh alinitazama wiki nzima, kisha akaniambia kwa Ekegusii maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Kijana, umesoma karatasi ishirini, sasa unatembea kama uliyeandika elfu."

Hospitali ile ya Nyamira ndiyo iliyonipa nafasi ya kuzitumia. Muuguzi mkuu wa kliniki ya kifua kikuu, Sista Agneta, alikuwa mtawa mfupi mwenye hatua za haraka, mzaliwa wa vilima vile vile. Shida yake ilikuwa rahisi kuieleza. Mgonjwa wa kifua kikuu hunywa dawa kwa miezi mingi, na kila wiki huja kuchukua pakiti yake. Akikosa, lazima ajulikane mapema, atafutwe nyumbani. Kadi zilikuwa nyingi kuliko macho ya Sista.

Nilimjengea mfumo kwa ruwaza, kipande kwa kipande. Kimoja kilishika kumbukumbu za wagonjwa. Kingine kilihesabu tarehe ya kurudi. Kingine kilikuwa kama jirani anayechungulia: mahudhurio yakibadilika, anawaambia wengine wote, na orodha ya dawa inajirekebisha. Kila Jumatano adhuhuri printa ya sindano, ile inayochapa kwa vidoti, ililia kama nzige, ikatoa orodha ya pakiti za wiki, na gari la hospitali likaipeleka bohari ya dawa mjini Kisii. Bohari ilikubali orodha iliyochapwa tu. Ni mimi niliyewashawishi wakatae nyongeza za kalamu. Nilijivunia hilo.

Kosa la kwanza lilijitokeza mwezi ule ule. Mgonjwa aliyeanza dawa Jumamosi, mashine ilimpa Jumamosi nyingine zote. Sasa, nusu ya wagonjwa walikuwa Wasabato, ambao Jumamosi ni siku yao ya ibada. Waliipokea tarehe hiyo kwa adabu, wakaja Jumapili. Mashine ikaandika kwamba hawakuja, na wahudumu wakapanda vilima kuwatafuta watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi la hospitali. Niliitoa ile hesabu ya tarehe nikaiweka katika kipande chake, chenye kalenda zaidi ya moja, na kila mgonjwa akawa na kalenda inayomfaa. Hakuna kipande kingine kilichoguswa. Hapo ruwaza zilinisaidia kweli, na ningependa mlikumbuke hilo, kwa sababu ninayosimulia sasa yanaelekea kwingine.

Kulikuwa na mgonjwa mmoja, Mzee Ombati, mkulima wa chai, mrefu, mwenye koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka. Alikuwa mgonjwa mzuri kuliko wote: hakukosa wiki hata moja. Lakini mashine ilianza kusema amekosa. Wiki ya kwanza Sista alidhani ni bahati mbaya. Wiki ya pili pia. Kwa kanuni niliyoiandika mimi, mgonjwa akikosa mara mbili mfululizo pakiti yake haifungwi. Akikosa mara nne anafutwa kwenye orodha, na bohari haimtambui tena mpaka aanze matibabu upya, na sindano zake zote. Wiki ya tatu mzee alishuka kilimani kwenye ukungu, akakuta hana pakiti. Sista alimpa ya akiba. Ilikuwa ya mwisho.

Alinipigia simu dukani. "Fundi, kadi ya mzee nimeigonga muhuri kwa mkono wangu huu. Mashine yako inasema hakuja. Tumwamini nani, mimi au sanduku?"

"Nitakuja, Sista."

"Njoo. Mzee huyu akianza upya sindano, kwa umri wake, sidhani kama atamaliza. Na hilo sanduku nitalipeleka jikoni likae na kuni."

Nilipanda Nyamira nikiwa na disketi zangu kwenye kopo la biskuti, na bila kuuliza mtu chochote, nikafungua programu. Nilikuwa na hakika yule jirani anayechungulia amelala usingizini, kwamba kuna mahali ujumbe unapotea. Nilimwandika upya. Nikamwekea daftari la kila anachokiona. Nikapima kwa wagonjwa wa kubuni. Niliwapa majina ya miti. Mwembe alihudhuria, Msonobari alikosa, Mwanzi akachelewa, na mashine haikukosea hata mara moja. Siku nne nilifanya hivyo katika chumba kile. Nilianza kuota herufi za kijani zikianguka polepole kwenye giza la skrini kama majani chai yakimwagwa kutoka kikapuni, na katikati yake jina moja halishuki.

Jumanne, siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, mvua ilinyesha kwa kishindo kiasi kwamba stima ilififia, na niliogopa kuandika. Nikaketi pembeni nikiwatazama makarani wawili wakisubiri waanze kazi yao. Hilo sikuwahi kulifanya. Mchapaji alikuwa Mutua, kijana wa Machakos, mwenye vidole vyepesi na mizaha isiyoisha. Msomaji alikuwa Kwamboka, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mama yake Moraa, aliyehamishwa kutoka jikoni mwezi uliopita baada ya msomaji wa kwanza kwenda kujifungua. Hakuna aliyeniambia kwamba msomaji amebadilishwa. Sikuuliza, kwa kuwa katika mchoro wangu msomaji hakuwemo. Mchoro ulianzia kwenye kibodi.

Stima ikarudi. Kwamboka akachukua rundo la kadi za waliohudhuria siku hiyo, akaanza kusoma jina na kijiji. Mutua akachapa. Nikawa nasikiliza bila kufikiri, jinsi mtu anavyosikiliza mvua. Jina, kijiji. Jina, kijiji. Kisha ukimya, mfupi kama pumzi. Kwamboka akaweka kadi moja kando ya kibodi, ikitazama juu, akaendelea na inayofuata.

"Kwamboka," nikasema, "hiyo umeipita."

"Sijaipita."

"Hujaisoma."

"Nimeiweka."

"Si usome tu? Ni jina moja."

Alinitazama, kisha akatazama sakafu. "Ndugu, nimeiweka pale," akasema tena, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Mutua akacheka. "Huyu kila Jumanne ananiwekea moja pale. Mimi hudhani ni zile zimeisha, nazirudisha kwenye sanduku. Mama, kama ni barua ya mapenzi sema!"

Kwamboka hakucheka. Nikanyoosha shingo, nikaisoma kadi. Ombati. Hata hapo sikuelewa, na hili nawaandikia kwa aibu, maana mimi ni Mgusii, nimelelewa Kiogoro na mama aliyekuwa na ukwe wake pia. Sista Agneta aliingia akipangusa maji usoni, akanikuta nimeishika kadi mbele ya Kwamboka.

"Kuna nini?"

"Sista, hataki kusoma kadi hii."

Akaisoma. Akamtazama Kwamboka. "Umeolewa kwa nani, mama?"

"Kwa kijana wake," Kwamboka akasema.

Sista akanigeukia. "Na wewe ni mwana wa nani, usiyejua mkamwana hamtaji baba mkwe? Mama yako alimwita babu yako kwa jina?"

Kwetu heshima hiyo, na haya iliyo ndani yake, tunaiita chinsoni. Naijua kama ninavyojua uji wa mama yangu. Lakini nilidhani inabaki nje, mlangoni, pamoja na viatu vya matope, mtu anapoingia ofisini kwenye mashine.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza Kwamboka.

"Ningesemaje? Kusema ni kumtaja." Mikono yake ilikuwa imekunjwa kwenye aproni aliyokuja nayo kutoka jikoni. "Na ningesema siwezi kusoma majina, mngenirudisha kwenye masufuria. Nyumbani ukiweka kitu mbele ya mtu bila neno, hata mtoto anaelewa. Nilijua Mutua ameelewa."

"Mimi natoka Machakos, mama," Mutua akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Lakini kadi ina muhuri," Kwamboka akaendelea. "Si muhuri ndio dawa?"

Nilikuwa nimemweleza Mutua, mchapaji, kwamba orodha ya dawa inatoka kwenye mashine peke yake. Msomaji sikuwahi kumweleza kitu. Kwa wiki nne mwanamke huyu alikuwa akimheshimu mzee wake, na kila heshima ilimsogeza mzee hatua moja mbali na dawa, naye hakujua. Nilipomwambia, alikaa chini kwenye sanduku la kadi. Hakulia. Aliuliza tu, "Kesho mnapeleka orodha saa ngapi?"

"Adhuhuri."

"Basi rekebisha."

Ya siku hiyo ilikuwa rahisi, Mutua aliichapa. Zile za wiki tatu zilizopita ndizo zilizokuwa ngumu, maana siku zake zilikuwa zimefungwa. Kisu changu cha Kenyenya. Magunia ya mbolea hayana ukwe, na kanuni iliyoliletea ghala amani ilikuwa imemfungia mzee nje. Hili ndilo ningewaomba mlitazame kwa utulivu mnapoazima umbo kutoka kazi moja kwenda nyingine: umbo huja na tabia za mahali lilikozaliwa. Ghala linaogopa mkono unaorudi nyuma. Hospitali inauhitaji.

Stima ya jenereta ilizimwa saa kumi na mbili jioni. Niliandika kwa penseli katika chumba cha wageni mpaka mwanga ukaisha, nikalala, na kulipopambazuka nikaanza kuchapa. Sikuzifungua siku zilizofungwa. Nilifanya kila hudhurio liwe tendo linalojitegemea, lenye tarehe yake na jina la aliyeliandika, ili siku ya leo iweze kubeba sahihisho la siku ya jana bila kuifuta. Kwa upande wa kusoma, niliweka wakala kati ya mtu na jina: namba. Msomaji atasoma namba niliyoiandika kwenye kadi, jina litatokea kwenye skrini, na mchapaji atalilinganisha kwa macho. Umbo hilo lilikuwemo kwenye zile kurasa ishirini. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kuona lingenifaa kwa nini.

Saa tano na nusu Kwamboka alisoma namba ya kadi mara tatu, kwa tarehe tatu. Mia mbili na tisa. Mia mbili na tisa. Mia mbili na tisa. Printa ikalia. Sista akapitisha kidole kwenye karatasi, akasimama katikati ya ukurasa, akaikunja orodha na kwenda nayo kwenye gari mwenyewe.

Nilibaki Nyamira wiki nzima, kwa kisingizio cha kupima mfumo. Jumanne iliyofuata ukungu ulichelewa kuondoka. Benchi la wagonjwa lilionekana kwa vipande, goti hapa, kofia pale. Pakiti zilikuwa zimepangwa dirishani kwa namba. Sista aliitwa wodini, akamwambia Kwamboka agawe. Nilikuwa mlangoni. Nilimwona Mzee Ombati mwisho wa benchi, amezama nusu ndani ya koti lake.

"Mia mbili na saba," Kwamboka akaita. Mama mmoja akauliza ni nani huyo. Mutua akamtajia jina lake, akaja. "Mia mbili na nane." Vivyo hivyo. Kisha Mutua akaenda kufuata karatasi za printa, na Kwamboka akaishika pakiti inayofuata.

"Mia mbili na tisa."

Hakuna aliyesimama. Watu walitazamana. Mzee alitazama mbele, mtulivu, akisubiri kuitwa. Nilikuwa nimempa namba kila mgonjwa mle ndani, na sikuwa nimemwambia hata mmoja.

"Mia mbili na tisa," akaita tena, kwa nguvu zaidi. Mtu mmoja akasema labda amekufa, wenzake wakamzomea. Nikafungua kinywa nilitaje jina mwenyewe. Kwamboka aliniinulia kiganja bila kunitazama. Akainama kwenye dirisha, akausemesha ule ukungu:

"Babu yake Moraa."

Mzee aliinuka mara moja. Alinyoosha koti, akaja dirishani, uso ameugeuza kidogo pembeni, naye Kwamboka uso ameugeuza kidogo pembeni, na pakiti ikapita katikati yao.

"Asante, mama," mzee akasema.

Nilirudi ndani, nikaiwasha mashine, na katika rekodi ya mgonjwa, chini ya jina na namba, nikaongeza nafasi ya herufi thelathini kwa jina ambalo watu wa nyumbani wanamwitia.